Kuwepo na Kuonekana: Historia ya Istilahi Mbili za Bima ya Wanyama

Istilahi nyingi zikikosewa hazimdhuru mtu. Neno la sarufi likifasiriwa vibaya, mwanafunzi hupoteza alama chache, na mwaka ufuatao mwalimu hulisahihisha. Lakini zimo katika lugha istilahi ambazo kosa lake hulipwa kwa fedha, na pengine kwa uhai. Istilahi za bima ni za namna hiyo. Mtu hutia sahihi mkataba akiwa ameelewa jambo moja, na siku ya msiba huambiwa kwamba maneno yale yana maana nyingine.

Kwa sababu hiyo tumeonelea vema kuchunguza dhana mbili za bima ambazo wafasiri wetu bado huzitaja kila mmoja kwa namna yake. Dhana ya kwanza ni ile ya ugonjwa ambao mnyama alikuwa nao kabla ya kukatiwa bima, na ambao kampuni hukataa kuugharimia. Dhana ya pili ni ile ya siku za mwanzo wa mkataba, ambapo mwenye mnyama amekwisha kulipa ada yake ilhali kampuni bado haijaubeba mzigo. Hapa tutaziita kwa muda tu "ugonjwa uliotangulia" na "muda wa kungoja", mpaka tufike mahali pa kuyapima majina yenyewe.

Tumechagua bima ya mbwa na paka kwa sababu moja kubwa: mnyama hasemi. Binadamu akiulizwa tangu lini anaumwa, hujibu, hata kama jibu lake si kamili. Mbwa hajibu. Swali la "tangu lini" hujibiwa na mwenye mnyama, na daktari wa wanyama, na mwisho wa yote hujibiwa na maneno yaliyoandikwa katika mkataba. Basi neno likiwa bovu, hakuna shahidi mwingine wa kulirekebisha.

Jinsi Mambo Yanavyokwenda

Tuchukue mfano. Mtu amemkatia mbwa wake bima tarehe 1 Machi. Mkataba unasema kwamba muda wa kungoja ni siku 14 kwa maradhi, na kwamba ajali inakingwa mara moja. Tarehe 5 Machi mbwa anagongwa na baiskeli na kuvunjika mguu: kampuni inalipa. Tarehe 10 mbwa anaanza kujikuna, na daktari anaandika kwamba ana ukurutu: kampuni hailipi. Tena haikatai siku hiyo tu. Aghalabu itakataa hata mwaka ujao, kwa sababu ukurutu ule umejitokeza ndani ya muda wa kungoja, na kwa hiyo umehesabiwa kuwa ulitangulia bima. Tarehe 20 mbwa anaumwa tumbo, jambo ambalo halijamtokea maishani mwake: kampuni inalipa.

Mwezi wa Juni mbwa yule yule anagunduliwa kuwa amekatika kano ya goti. Kampuni inaomba daftari la daktari, na humo unaonekana mstari mmoja ulioandikwa mwaka uliopita: anachechemea mguu wa nyuma. Siku ile hakuna aliyelitaja goti. Mbwa alipumzika siku mbili, akakimbia tena, na mwenyewe akasahau. Hata hivyo kampuni inaweza kusema kwamba kuchechemea kule kulikuwa ni dalili ya ugonjwa huu, na ikakataa dai. Mikataba mingine huendelea mbele zaidi: goti la kushoto likiwa liliugua kabla ya bima, basi na goti la kulia halikingwi, kwa hoja kwamba mnyama aliyekatika kano ya upande mmoja huelekea kukatika na ya upande wa pili.

Msomaji ataona kwamba katika mfano huu hakuna aliyesema uongo. Ugomvi wote unahusu wakati, yaani ugonjwa ulianza lini. Na neno "kuanza" lina maana mbili zisizofanana. Ugonjwa huanza siku unapoingia mwilini, na tena huanza siku unapoonekana kwa macho. Kati ya siku hizo mbili yaweza kupita wiki, miezi au miaka. Historia ya dhana zetu mbili ni historia ya watu waliojaribu kuamua ni siku ipi kati ya hizo itakayohesabiwa, na ni nani atakayebeba hasara ya siku zilizo kati.

Sokoni: Muuzaji Hubeba Kilichofichika

Swali hili lilizaliwa sokoni, kabla haijawako bima. Katika Roma ya kale, maofisa waliosimamia masoko walitoa amri iliyowabana wauzaji wa watumwa na wa wanyama. Muuzaji alitakiwa kutangaza waziwazi maradhi na kasoro za kile alichokiuza. Asipotangaza, mnunuzi aliweza kurudisha mali katika muda wa miezi 6, au kudai apunguziwe bei katika muda wa mwaka 1. Jambo la kuzingatia ni kwamba muuzaji hakuokolewa kwa kusema hakujua. Kasoro ikiwa ilikuwepo siku ya mauzo, ilikuwa ni yake.

Sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani yetu wameijua kwa karne nyingi, nayo inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha bidhaa kwa sababu ya aibu. Neno hili "aibu" leo tunalitumia kwa maana ya fedheha, lakini asili yake katika Kiarabu ni kasoro au upungufu wa kitu. Mnyama mwenye aibu, katika lugha ya mafakihi, si mnyama aliyefedheheka. Ni mnyama mwenye kasoro inayopunguza thamani yake. Mafundisho ya Mtume yanamtaja pia mnyama aliyeachwa makusudi bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kwamba ana maziwa mengi. Mnunuzi wa mnyama huyo amepewa siku 3 za kumchunguza, kisha amshike au amrudishe. Tayari hapa pana muda maalumu unaofungamanishwa na kasoro iliyofichika.

Wataalamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi zaidi pwani, walikwenda mbele kidogo. Muuzaji wa kawaida hawezi kujivua dhamana ya kasoro kwa maneno matupu; lakini muuzaji wa mnyama anaweza kujivua dhamana ya kasoro ya ndani ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sababu yao ni kwamba mwili wa mnyama hubadilika daima, na mara nyingi ugonjwa hukaa ndani yake bila kuonekana. Wanasheria hao, bila ya kufikiria bima hata kidogo, walikuwa wameigusa tofauti ambayo ndiyo kiini cha makala haya: kuwepo ni jambo moja, na kuonekana ni jambo jingine.

Karne ya 19 ilileta hesabu ya siku. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 20 Mei 1838 iliorodhesha maradhi na kasoro za farasi, ng'ombe na kondoo ambazo zingemruhusu mnunuzi kubatilisha mauzo, ikaweka muda wa kudai: siku 30 kwa kifafa na kwa ugonjwa wa macho unaokuja na kuondoka, na siku 9 kwa kasoro nyingine zilizotajwa. Ujerumani ilifanya vivyo hivyo kwa amri ya tarehe 27 Machi 1899. Kwa maradhi mengi muda ulikuwa siku 14. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilipewa siku 28, na ugonjwa mmoja wa nguruwe ulipewa siku 3 tu. Ugonjwa ukijitokeza ndani ya siku hizo, sheria ilichukulia kwamba ulikuwepo tangu siku ya mauzo, na muuzaji ndiye aliyepaswa kuthibitisha kwamba haukuwepo. Ujerumani iliacha utaratibu huo mwanzoni mwa mwaka 2002.

Hapo tunaikuta sura kamili ya muda wa kungoja, isipokuwa imegeuzwa. Kanuni ni ile ile: kinachoonekana katika siku za mwanzo huhesabiwa kuwa kilitangulia. Sokoni kanuni hiyo ilimlinda mnunuzi dhidi ya muuzaji. Katika bima, kanuni hiyo hiyo humlinda muuzaji wa kinga, yaani kampuni, dhidi ya mnunuzi. Hatusemi kwamba kampuni za bima ziliichukua kanuni hii moja kwa moja kutoka sokoni. Tunasema tu kwamba fikra hizi ni ndugu, na anayemjua mmoja atamtambua wa pili.

Ngomeni: Anayejua Ndiye Husema

Mkondo wa pili wa historia yetu unatoka katika bima yenyewe. Neno letu "bima" limetufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na mzizi wake wa Kiajemi una maana ya hofu. Mtu hununua bima kwa kuwa anaogopa jambo ambalo halijatokea. Jambo likiwa limekwisha kutokea, hofu imegeuka kuwa hasara, na hapo hapana tena cha kukatia bima.

Lakini itakuwaje ikiwa jambo limetokea au linakaribia kutokea, na anayelijua ni mmoja tu kati ya wale wawili? Swali hili liliamuliwa London mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm. Roger Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza iliyoitwa Fort Marlborough, katika kisiwa cha Sumatra. Alikata bima ya mwaka mmoja, kuanzia Oktoba 1759, dhidi ya hatari ya ngome kutekwa na adui kutoka Ulaya. Mwezi wa Aprili 1760 Wafaransa waliiteka. Mkata bima alipodai fidia, mwenye kumkinga alikataa, akisema kwamba gavana alijua udhaifu wa ngome yake na hakuusema.

Jaji Mansfield alitoa hukumu ambayo imekuwa msingi wa sheria ya bima katika nchi nyingi. Alieleza kwamba mkataba wa bima hutegemea uaminifu wa pande zote mbili. Mwenye kukata bima sharti aseme yale anayoyajua peke yake. Lakini hapaswi kumweleza mwenziwe mambo ambayo mwenziwe anayajua au angepaswa kuyajua kwa kuuliza. Katika kesi ile Carter alishinda. Hukumu hii hukumbukwa sana kwa wajibu uliomwekea mkata bima, na husahauliwa kwamba aliyeshindwa siku hiyo ni mwenye kukinga, aliyepokea ada kwanza akatafuta sababu baadaye.

Baada ya muda mrefu Uingereza iliirudia nusu hiyo iliyosahauliwa. Kwa sheria ya mwaka 2012, mwananchi wa kawaida anayejikatia bima halazimiki tena kukisia ni mambo gani kampuni ingependa kujua. Wajibu wake ni kujibu maswali ya kampuni kwa uangalifu na ukweli. Kuuliza ni kazi ya kampuni.

Kutoka Ng'ombe Hadi Mbwa

Bima ya wanyama wa nyumbani ilizaliwa katika bima ya mifugo. Mwaka 1890 ilianzishwa nchini Uswidi kampuni ya bima ya mifugo ambayo leo inajulikana kwa jina la Agria. Mkulima alikatia bima farasi na ng'ombe wake kwa kuwa walikuwa nguvu ya kazi na akiba ya nyumba. Mwaka 1924 mbwa alikatiwa bima huko huko Uswidi, na tukio hilo hutajwa kuwa mwanzo wa bima tunayoizungumzia.

Hatua ile ilileta mabadiliko ambayo hayakuonekana mara moja. Bima ya ng'ombe ilihusu hasa kifo: ng'ombe amekufa au hakufa, na thamani yake sokoni inajulikana. Bima ya mbwa ilikuja kuhusu zaidi gharama za matibabu. Kifo kina tarehe moja. Ugonjwa una tarehe nyingi. Kadiri utabibu wa wanyama ulivyoendelea, na mbwa akaanza kupasuliwa, kupigwa picha na kutibiwa kisukari kwa miaka, ndivyo swali la tarehe lilivyozidi kuwa zito. Nchini Uingereza kampuni ya Petplan ilianza mwaka 1976. Nchini Marekani kampuni moja iliyoanzishwa na madaktari wa wanyama huko California ilitoa hati yake ya kwanza mwaka 1982, na aliyekatiwa ni Lassie, mbwa mashuhuri wa televisheni.

Waswidi wana neno moja kwa siku za kungoja: "karens", lenye asili ya Kilatini, na maana yake ni kukosa. Siku 20 ni muda wa kawaida katika mikataba yao ya wanyama. Tunalitaja neno hili kwa kuwa halimwambii mtu angoje. Linamwambia kwamba katika siku hizo anakosa. Aidha, wana bima nyingine wanayoiita "dolda fel", yaani kasoro fiche, ambayo mfugaji wa mbwa hukata kwa ajili ya watoto wa mbwa anaowauza. Hiyo hulipia kasoro ambayo mtoto wa mbwa alikuwa nayo siku ya kukabidhiwa, lakini ambayo hata daktari aliyemkagua hakuiona. Kwa hiyo lugha yao imetenganisha kile kilichoonekana mapema na kile kilichokuwepo bila kuonekana, na kila kimoja kina mahali pake pa kulipiwa.

Nchini Marekani maana hizi ziliachiwa kampuni zenyewe kwa muda mrefu. California ilipitisha sheria ya kwanza mahsusi mwaka 2014. Kisha mwaka 2022 chama cha taifa cha wasimamizi wa bima kilitoa sheria ya mfano ambayo majimbo yanaweza kuifuata. Humo ugonjwa uliotangulia umeelezwa kwa alama tatu. Kabla ya bima kuanza kufanya kazi, au ndani ya muda wa kungoja, iwe ama daktari wa wanyama alitoa ushauri juu ya hali ile, ama mnyama alitibiwa kwa ajili yake, ama kuna ushahidi unaothibitika kwamba alikuwa na dalili zinazohusiana nayo moja kwa moja. Sheria hiyo inaongeza mambo manne ya maana. Kampuni ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha kwamba ugonjwa ulitangulia. Muda wa kungoja hauwezi kuzidi siku 30 kwa maradhi, na hauruhusiwi kwa ajali. Mwenye mnyama apewe njia ya kuufuta muda huo kwa kumpeleka mnyama akakaguliwe na daktari. Na ugonjwa uliokwisha kukingwa hauwezi kugeuzwa kuwa uliotangulia pale mkataba unapohuishwa.

Msomaji azingatie kwamba katika alama zile tatu hakuna hata moja inayouliza kama ugonjwa ulikuwepo. Zote zinauliza kama ulionekana.

Haki ya Pande Mbili

Tusiielewe vibaya kampuni. Kama watu wangeruhusiwa kukata bima siku ambayo mbwa ameanza kutapika damu, wangengoja wote mpaka siku hiyo. Mfuko ungekuwa na wanaochukua tu, bila wanaochangia. Kikundi cha kufa na kuzikana hakimwandikishi mtu siku ya msiba wake, wala hapana anayekiona kuwa na roho mbaya. Muda wa kungoja na sharti la ugonjwa uliotangulia ni kuta mbili za nyumba moja: sharti huzuia kuletwa maradhi yanayojulikana, na muda huzuia maradhi ambayo mwenye mnyama ameyashuku lakini hajayapeleka kwa daktari.

Lakini kile ambacho hakuna aliyekiona, hicho ndicho kitu chenyewe kinachouzwa katika bima. Mbwa anaweza kuwa na moyo mbovu tangu kuzaliwa bila ya mtu yeyote kujua. Kampuni ikipokea ada yake miaka 3, kisha moyo ukadhihirika, haitakuwa haki kusema kwamba ugonjwa ulikuwepo siku zote. Ni kweli kwamba ulikuwepo. Ila kinga ilinunuliwa kwa sababu ya mambo kama hayo. Mkataba ukitaka kuyatoa maradhi ya kuzaliwa nayo, na ipo inayofanya hivyo, basi useme waziwazi katika kifungu chake, wala usiyaingize kwa mlango wa neno "kuwepo".

Pana na hasara nyingine inayotokana na dhana hii. Mbwa aliyepata kisukari chini ya kampuni ya kwanza hukingwa huko kwa kadiri ya mkataba wake. Mwenyewe akihamia kampuni ya pili kwa kufuata ada nafuu, kisukari kile kile huwa kimetangulia. Ugonjwa haukubadilika, mlango ndio uliobadilika. Watu wengi hutambua jambo hili baada ya kuhama.

Marsabit: Bima Isiyouliza

Kwetu Afrika ya Mashariki, bima ya mnyama iliyopata kujulikana sana ni ya mifugo wa nchi kavu. Mwezi wa Januari 1910 ungekuwa mapema mno kuifikiria, lakini Januari 2010 ilianza huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kwa juhudi za Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na washirika wake. Bima hiyo haimkagui ng'ombe wala ngamia. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima; ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wote waliokata bima katika eneo lile hulipwa, awe mnyama wa mtu amekufa au yu hai. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake kwa kufuata njia hiyo, ikianza na Turkana na Wajir.

Hapa ugonjwa uliotangulia umetoweka, kwa kuwa hakuna mnyama anayechunguzwa. Je, na muda wa kungoja? Huo haukutoweka, umevaa vazi jingine. Mikataba iliuzwa katika misimu miwili tu ya mwaka, kabla ya mvua za masika na kabla ya mvua za vuli. Mfugaji asingeweza kungoja mpaka aone mawingu yamekataa, ndipo akimbilie kununua. Basi mfugaji wa Marsabit na mwenye mbwa wa Stockholm wamewekewa ukuta mmoja kwa sababu moja. Mfano huu unatufundisha kwamba istilahi inayofaa ni ile itakayotaja kazi ya ukuta, wala si umbo lake katika nchi moja.

Tuyaiteje?

Sasa tuyapime majina. Kwa dhana ya kwanza, "ugonjwa wa zamani" haufai, kwa kuwa msikilizaji hufahamu ugonjwa uliokwisha kupona. "Ugonjwa sugu" haufai kabisa. Usugu ni habari ya kudumu, si ya kutangulia, na kifundo cha mguu kilichoteguka juzi si sugu lakini kimetangulia. "Aibu" lina historia tuliyoieleza, ila maana yake ya leo imekwenda mbali mno. "Ila" lingependeza, kwani methali inatukumbusha kwamba hapana zuri lisilo nayo. Lakini katika mkataba neno hilo hilo hutumika kutoa mambo, na hati isiyotaka utata haiwezi kulibeba mara mbili.

Jina linalovutia wafasiri wengi ni "hali iliyokuwepo kabla". Hili ndilo tunaloliogopa zaidi ya yote. Limefuata umbo la neno la kigeni kwa uaminifu, likaacha maana ya kisheria nyuma. Mtu akisoma "iliyokuwepo", atakubali kwamba chochote kilichokuwemo mwilini mwa mnyama, kionekane kisionekane, kimetolewa katika kinga. Yaani mfasiri, kwa kalamu yake tu, atakuwa ameipa kampuni zaidi ya ilichokiomba. Sisi tunapendekeza "dalili iliyotangulia". Jina hili linamwelekeza kila mmoja kwenye swali la haki: je, palikuwa na dalili, na ilionekana lini? Na kwa kile kilichokuwepo bila dalili, tunapendekeza "kasoro fiche", ili istilahi mbili zisimame kando kwa kando na mkataba ulazimike kusema unakusudia ipi.

Kwa dhana ya pili, tumelifikiria neno "eda". Kila Mswahili anajua kwamba eda ni muda ambao mwanamke aliyefiwa au aliyeachwa hukaa kabla ya kuolewa tena, na kwamba mojawapo ya hekima zake ni kubainisha kama ana mimba iliyotangulia. Kwa maana, ni vigumu kupata neno lililo karibu zaidi. Lakini ni neno la ibada na la heshima, na kulipeleka kwa mbwa kungewaudhi wengi bila ya sababu. "Muhula" nalo halifai, kwa kuwa anayepewa muhula amepewa nafuu, ilhali hapa mlipaji ndiye anayekosa. "Karantini" ni kutengwa kwa mgonjwa, jambo ambalo halimo. Lililobaki ni "muda wa kungoja", ambalo kosa lake ni kwamba halisemi kinachongojwa. Mtu anaweza kudhani kwamba anangoja hati iletwe, au dai lake lishughulikiwe. Kwa hiyo tunapendekeza "muda wa kungojea kinga". Kiambishi kile kimoja cha kutendea, pamoja na neno "kinga", vinamjulisha mkata bima kwamba ada imekwenda na kinga bado haijafika.

Bima ya mbwa na paka bado ni ngeni kwa watu wengi wa nchi zetu, na pengine msomaji atauliza haraka ni ya nini. Haraka yenyewe ni hii: dhana hizi mbili hazikai kwa wanyama peke yao. Zimo katika bima ya afya ya binadamu, na huko atakayesoma neno "iliyokuwepo" ni mama mwenye mtoto mgonjwa. Ni afadhali neno lipimwe sasa, wakati kosa lake bado ni la karatasi. Tunawakaribisha wanasheria, madaktari wa wanyama, watu wa bima na wasomaji wote walete majina mengine yaliyo bora kuliko haya, mradi kila jina lipite katika swali moja: mtu wa kawaida akilisoma kabla ya kutia sahihi, atajua ni kitu gani hasa hakulipiwi?